Mama Viti na Bima ya Jengo Zima

Hakuna aliyemchagua kwa busara zake, ingawa busara alikuwa nazo. Walimchagua kwa sababu ya viti. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti vya plastiki na maturubai kwa wenye harusi na wenye misiba, na siku wakazi wa jengo lake walipokutana mara ya kwanza kuunda kamati, kila mmoja aliteremka uani mikono mitupu, akiamini mwenzake kabeba cha kukalia. Yeye ndiye aliyefungua banda lake, akavitoa viti, akavifuta vumbi, akavipanga. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu akainuka, akakohoa, akasema kwa ile lugha yake ya kitabu:

"Ndugu zangu, mwenyekiti ni nani, kama si mwenye viti?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na kabla kicheko hakijaisha mama wa watu amekwisha kuwa kiongozi. Mwalimu akajiteua katibu, kwa maelezo kwamba kalamu ilikuwa tayari mfukoni mwake.

Watoto wa jengo walimwita Mama Viti, na wakubwa wakafuata. Alikuwa na sauti ya chini na miguu isiyojua kuchoka. Mambo aliyaona mengi, maana kiti kilekile alichokalia shangazi wa bibi harusi leo, kesho yake alikikalia mfiwa, naye alikuwa amejifunza kwamba mtu akikaa kwenye kiti cha kukodi husema maneno ambayo hayasemi kwenye kochi lake.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa nne. Zamani lilikuwa mali ya shirika, kisha shirika likawauzia wapangaji, kila mtu nyumba yake. Mlango ulikuwa wako, jiko lilikuwa lako, hata msumari wa kutundikia picha ulikuwa wako. Ila ngazi, paa, mabomba na tangi la maji vilibaki vya wote, na kitu cha wote kina tabia ya kuwa si cha mtu. Taa ya ngazi ilipozimika, kila mkazi aliheshimu haki ya jirani yake ya kuishughulikia. Wakaheshimiana hivyo miaka, wakipanda gizani kwa kupapasa ukuta.

Kisha jengo la ng'ambo ya barabara likaungua. Moto ulianzia kwenye pasi, wengine wakasema kwenye jiko, na kufikia adhuhuri zilikuwa zimebaki kuta nyeusi na madirisha yasiyo na macho. Mtu hakufa, Mungu bariki, lakini watu walibaki na nguo za mwilini. Wiki ile waathirika waliitana kujadili watafanya nini, na kama ilivyo ada wakahitaji viti. Mama Viti aliwapelekea bila malipo, akakaa nyuma kusubiri avikusanye.

Mbele yake alikaa mwanamke mmoja aliyekuwa akichezea funguo zake wakati wote wa kikao. Alizipindua, akazifunga kiganjani, akazifungua tena. Mlango wa funguo zile haukuwapo. Mtu mmoja akauliza kama jengo lilikuwa na bima. Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuikata.

Mama Viti alirudi nyumbani hana raha. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Jioni hiyohiyo akaitisha kikao uani.

"Tukate bima ya jengo zima," akasema. "Paa, kuta, ngazi, kila kitu. Tuchangie wote."

Mwenye duka, aliyekaa ghorofa ya chini na kuuza vitu kupitia dirisha la sebuleni kwake, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Mama, nakuheshimu. Lakini mimi niko chini. Paa liko kichwani kwa mtu mwingine. Mvua mimi naisikia redioni tu."

"Na mimi msingi wenu unanihusu nini?" akadakia wifi yake Mama Viti, dada wa mumewe, aliyekaa ghorofa ya juu kabisa. "Mafuriko yakija nitawapungia mkono dirishani."

Mwalimu akakumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumbani kwake kulikuwa na ufa wa kuingiza kiganja, nao aliuziba kwa kalenda. Kisha akahoji kama barua iandikwe "bima ya jengo" au "bima ya majengo", na mjadala huo ukala muda kuliko ule wa paa.

Mama Viti akawaacha wachoke. Kisha akasema, taratibu, "Ng'ambo ile nako kulikuwa na wa juu na wa chini. Moto haukuuliza nani anakaa wapi. Leo wote wanalala sebuleni kwa mashemeji zao."

Neno hilo liliwaingia. Moto mtu anaweza kuubishia, lakini kila mmoja pale alikuwa na shemeji, na kila mmoja akaiona sebule yake. Mwenye duka akasema kwamba, kwa kweli, yeye hakuwa amekataa. Alikuwa akiuliza tu.

Basi akaja wakala wa bima, kijana mwenye viatu vya kujitazamia na tabasamu alilokuwa nalo tangu getini. Akawaeleza mambo mengi, na katikati ya mengi hayo akaeleza moja la maana: kampuni ingemtuma mkaguzi kwanza. Mkaguzi angeandika hali ya jengo. Siku ya janga, ikibainika kwamba wakazi walificha hatari waliyoijua, kampuni isingelipa hata msumari.

"Kwa hiyo mkisema kweli, laleni usingizi," akamalizia.

Wote wakatikisa vichwa, kama watu walioambiwa kwamba safari ni bure ila waje na mabawa yao.

Maana kila mtu alimjua mwenzake. Walijua chini ya ngazi kuna madumu ya mafuta ya taa ya mwenye duka, yaliyojaa hadi shingoni. Walijua kwa nini taa ya ngazi haikuwa ikiwaka: Mwalimu alikuwa ameuvuta waya wake ukaingia kwake kupitia juu ya mlango, nao ulikuwa ukiendesha jokofu. Na walijua kwamba wifi yake Mama Viti alikuwa na kiwanda cha mkate jikoni, oveni kubwa kama kabati na mtungi wa gesi wenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Kila alfajiri mkate wa moto uliteremshwa mlango kwa mlango. Hakuna aliyewahi kulalamika. Mdomo uliojaa mkate hausemi.

Mama Viti alipanda kumwona.

"Wifi, mkaguzi anakuja kesho. Mtungi ule tumwonyeshe, tujue tufanyeje."

"Mtungi upi?"

"Wifi!"

"Akija mimi sina oveni. Nitaifunika, niweke picha ya marehemu mama juu yake. Nani atamfunua marehemu?"

"Na harufu ya mkate?"

"Nitakaanga vitunguu."

"Tukificha hatutalipwa, wifi yangu."

Dada mtu akaacha kukanda unga, akamtazama. "Kwani wewe ni mke wa kaka yangu au mke wa bima?"

Mama Viti akateremka kumweleza mumewe. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu aliyevuka mipaka mingi maishani, lakini mpaka uliopita kati ya mke na dada hakuwahi kupata kibali cha kuuvuka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema chai imepoa, akaenda kuipasha mwenyewe.

Siku ya ukaguzi jengo lilipambwa kama linaposwa. Ngazi zilipigwa deki. Madumu ya mafuta yalifunikwa kitambaa cha maua, na juu yake pakawekwa chungu cha maua mengine. Balbu ya ngazi iliunganishwa na waya wa Mwalimu, ikawaka kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Watu wakashangaa kuona rangi ya ukuta. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu bapa, tochi kubwa na maneno machache. Alianza chini, akaingia kwa Mama Viti ghorofa ya kwanza, akatazama soketi, akatazama dari, akashukuru, akapanda.

Huko juu wifi mtu alikuwa ameingiwa na hofu. Marehemu angeweza kulinda oveni, lakini mtungi uliusukuma mlango wa kabati kila ulipofungwa. Ikaamuliwa uhamishiwe nyumba iliyokwisha kukaguliwa. Mwalimu akapewa kazi ya kumchelewesha mkaguzi, kazi aliyozaliwa nayo. Akampeleka sebuleni kwake, akaanza kumsimulia historia ya jengo tangu siku ya kuchimba msingi.

Mkaguzi alikuwa na subira, ila si ya kiasi hicho. Alitoka mlangoni wakati mume wa Mama Viti na mwenye duka wakiwa katikati ya ngazi, wamebeba kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi, jasho likiwatoka.

"Jamani! Mgonjwa?" akauliza.

"Mgonjwa, dada," akasema mwenye duka.

"Ana tatizo gani?"

Mwenye duka akamwachia mwenzake. Mume wa Mama Viti hakuwa na mazoezi ya uongo. Alifungua mdomo, na neno pekee alilolikuta humo ndilo lililotoka.

"Gesi."

"Tumboni," akawahi mwenye duka. "Inamjaa, masikini."

"Poleni sana," akasema mkaguzi, akijibanza ukutani kuwapisha. "Msimlaze. Huyo hatakiwi kulazwa."

Wakamteremsha mgonjwa wao hadi bafuni kwa Mama Viti, wakamfunika kwa kile kitambaa cheupe chenye utepe kinachovishwa kiti cha bibi harusi.

Ukaguzi uliisha juu ya paa, na mkaguzi akateremka mikono imejaa kutu. Wakazi walikuwa wamejipanga kwenye ngazi kumuaga, nyuso zimejaa tabasamu la wakala.

"Mama mwenyekiti, naomba kunawa kwako."

"Maji yamekatika!" akasema mwenye duka.

"Tangu jana," akaongeza Mwalimu.

Juu yao tangi likaanza kufurika, maji yakimwagika uani kwa kelele.

Mama Viti alisimama mlangoni kwake na mkono kwenye kitasa. Baadaye alipowasimulia watoto wake hakuweza kusema kwamba alifikiri sana. Alimwona tu yule mama wa ng'ambo akigeuza funguo zake. Akamwona wifi yake vilevile, pale juu ya ngazi, mikono imejaa unga aliosahau kuunawa, akimkazia macho ya kuomba. Akafungua mlango.

"Karibu, dada. Ila bafuni kuna mtu."

Mkaguzi akaingia, akanyanyua kitambaa cha bibi harusi kwa ncha za vidole.

"Kumbe mgonjwa mmemleta hapa," akasema bila kucheka. "Anaendeleaje?"

"Dada yangu, mficha uchi hazai," akasema Mama Viti. "Jengo ulilolikagua lilikuwa limevaa nguo za kuazima. Njoo nikuonyeshe lenyewe."

Wakaanza upya. Chungu cha maua kikaondolewa, na mwenye duka akaapa kwamba madumu yale ni ya mtu. Waya ukafuatwa hadi kwenye jokofu, na Mwalimu akasema kwamba uunganishaji ule "ulijitokeza". Kalenda ikashushwa. Juu kabisa, marehemu akasogezwa kwa heshima, oveni ikaonekana. Wifi mtu alisimama pembeni, amekunja mikono.

"Ahsante, wifi," akasema. "Umenizika, na viti vya msiba utakodisha wewe mwenyewe."

Machozi yalimlenga Mama Viti, akajifanya anatazama dari.

Mkaguzi alizima tochi yake. "Kusema kweli, kwa hali hii hamhitaji bima. Mnahitaji maombi." Halafu, kwa sauti ya upole zaidi, akaongeza: "Ila ningeondoka na kile mlichonionyesha mwanzo, mngelipia hewa. Rekebisheni, nitarudi."

Kukaja siku za baridi, na si ya hali ya hewa. Watu walimpita Mama Viti kwenye ngazi wakiwa na haraka ambayo hawakuwa nayo walipoanza kupanda. Mkate uliteremka kila alfajiri, ukagonga kila mlango, ukaruka wake. Mumewe alikuwa akipewa wa kwake kisirisiri na dadaye, anaula amesimama ngazini, na kuingia ndani na makombo kwenye masharubu, akisema hana njaa.

"Futa mdomo," mkewe alimwambia siku moja. "Mchepuko wa mkate nao una alama zake."

Hatimaye kikaitishwa kikao cha kumwondoa. Ajenda ilisomwa na Mwalimu: kuvunja siri za wakazi, kuaibisha jengo, na kutumia bafu kinyume cha maslahi ya umma. Mikono ikanyooshwa, Mama Viti akang'olewa. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Sawa. Nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Sasa naomba viti vyangu."

Watu wakatazamana. Akaanza kwa Mwalimu, aliyesimama akiwa bado na karatasi mkononi. Akavibeba kimoja kimoja, akavisukumiza kimoja ndani ya kingine, mpaka uani wakabaki watu wazima wamesimama kama wanaosubiri kupewa dawa. Magoti ya Mwalimu hayakupenda hali hiyo.

"Basi nani ataenda kule kwenye kampuni ya bima?" akauliza mtu.

Kila mmoja akakumbuka shughuli aliyokuwa nayo. Mwenye duka alisema duka halina mtu. Mwalimu alisema barua ataiandika, lakini kuipeleka ni kazi ya kiutendaji. Wakasimama wakizungukana hivyo mpaka miguu ikawauma, kisha wakamrudisha madarakani kwa kauli moja, bila kupiga kura, ili wakae.

Lakini hakuvirudisha viti mara moja. Alimgeukia wifi yake, aliyekuwa amejitenga ukutani.

"Wifi, hili banda la uani ni langu. Lina madirisha pande zote na liko mbali na ngazi. Lete oveni yako humu. Mtungi utakaa nje, tuujengee kizimba cha chuma."

"Na viti vyako vitakaa wapi?"

"Vitalala na mimi."

Mumewe akashtuka, lakini hakuna aliyemwuliza. Wifi mtu akapanda kwake, na siku kadhaa hakuonekana. Kisha asubuhi moja jengo zima likasikia chuma kikiburutwa kwenye ngazi, na sauti yake ikiwafokea wabebaji waangalie kona.

Madumu nayo yakahamishwa, waya ukarudi kwenye taa ya ngazi, ufa ukazibwa kwa saruji. Mkaguzi akarudi, akaona, akaandika, mkataba ukasainiwa. Chumbani kwa Mama Viti viti vilipangwa hadi karibu na dari, na mumewe akawa analala kama mlinzi wa ukumbi wa harusi. Alilalamika mara moja tu, wifi akampelekea mkate mzima, akanyamaza.

Ilikuwa msimu wa mvua uliofuata, alasiri, upepo ulipokuja na hasira zake. Uling'oa mabati ya nusu ya paa, ukaangusha tangi, na maji yote yakashuka kwenye nyumba za watu kwa mpangilio wa ghorofa. Mwenye duka, aliyekuwa akiisikia mvua redioni, aliikuta ndani ya gunia la sukari.

Mama Viti alipanda mbio hadi juu. Alimkuta wifi yake amesimama mlangoni mwa jiko lake la zamani, ameshika fremu ya mlango. Alikuwa bandani akikanda unga, akaja kuokoa godoro. Boriti ya dari pamoja na kipande kizima cha zege vilikuwa vimeanguka pale oveni ilipokuwa, pale ambapo kila alasiri, kwa miaka, alisimama kukanda unga wa kesho yake.

"Wifi," akasema. Mama Viti akamshika mkono, wakasimama hivyo kwenye maji ya vifundoni, mawifi wawili wasioaminiana tangu siku ya harusi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

Kampuni ililipa. Haikulipa upesi, na haikulipa bila kuulizwa mara nyingi na Mama Viti, aliyejua sasa jina la kila mlinzi wa mlango wa ofisi ile. Lakini ililipa paa, dari na tangi. Mwenye duka alidai sukari yake, akaelezwa kwamba bima ni ya jengo, na sukari si jengo.

"Kisarufi ni kweli," akathibitisha Mwalimu.

Mabati mapya yalipong'aa juani, ikagundulika kwamba wazo la bima lilikuwa la kila mtu. Mwalimu alikuwa ameligusia mapema. Mwenye duka alikuwa akilishinikiza tangu mwanzo, tena kwa ukali. Wakala alikuja na kamera, akawapiga picha ya pamoja chini ya "paa letu", wote wamevaa vizuri. Mama Viti hayumo kwenye picha hiyo. Siku ile kulikuwa na harusi mahali, naye alikuwa akishusha viti kutoka kwenye gari.

Mwaka ulipogeuka na muda wa kulipia tena bima ukafika, mlango wake uligongwa asubuhi. Alikuwa mwenye duka, amekuja kwa heshima zote, kofia mkononi.

"Mama, nimekaa nikafikiri. Paa sasa ni jipya, si ndiyo? Jipya kabisa. Sasa bima ya nini?"

Mama Viti akasogea kumpisha aingie, akamwuliza chai anakunywa ya maziwa au ya rangi, maana aliona mazungumzo haya yatakuwa marefu.